Jembe, Tumbaku na Cherehani: Safari za Wakimbizi wa Burundi Ndani ya Tanzania

Kabla Burundi haijatoa mkimbizi hata mmoja, njia ya kutoka huko kuja Tanganyika ilikuwa imeshakanyagwa na vibarua. Serikali ya Wabelgiji iliwatoza Warundi kodi, ikawalazimisha kulima kahawa na kutengeneza barabara, na watu kwa maelfu wakaona heri wavuke mpaka wakatafute ujira. Wengi walielekea Buganda, kwenye pamba na kahawa ya wakulima wa huko. Wengine walishuka Kigoma, ambako reli ya kati ilikuwa imefika tangu mwaka 1914, wakapanda gari moshi pamoja na Waha, wenyeji wa huko, kwenda kukata mkonge Morogoro na Tanga. Hao ndio manamba. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Kigoma ilikuwa mojawapo ya sehemu ilizozitegemea.

Mkataba ulipoisha, si kila mtu aliyerudi kwao. Wapo waliobaki Tanga wakazeeka huko. Wapo waliorudi hadi Kigoma tu, wakapata shamba, wakaoa Waha, watoto wao wakakua bila mtu kuwauliza wametoka wapi. Kirundi na Kiha vinasikilizana kiasi kwamba mgeni akitulia mwaka mmoja kijijini, wa mbali hamtambui tena.

Nimetanguliza habari za manamba kwa sababu simulizi ya wakimbizi wa Burundi nchini mwetu huanzia kwenye risasi na kuishia kambini. Risasi ndiyo iliyowatoa watu kwao. Hilo halina ubishi. Lakini walikoelekea baada ya kuvuka, na walikohamia tena mwaka wa pili, wa kumi na wa ishirini, kuliamuliwa na ardhi, ujira, soko na kibali cha afisa. Sehemu hiyo ya historia huandikwa kwa nadra, nayo ndiyo inayoeleza kwa nini mipango mingi mizuri ya serikali na mashirika iliishia pengine kabisa.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, sehemu za Rumonge na Nyanza-Lac kando ya Ziwa Tanganyika. Utawala wa Rais Michel Micombero ukajibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima, ukianza na waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, watu wa dini. Makadirio ya waliouawa yanaanzia 100,000 na kuvuka 200,000. Walionusurika wakatawanyika, na kundi kubwa kupita yote, watu wapatao 150,000, likaingia Tanzania.

Waliotoka Imbo, ile nchi tambarare ya ufukoni, walifuata ziwa kwa mitumbwi na kwa miguu hadi vijiji vya Kigoma. Kwao walikuwa wakilima michikichi na kuvua samaki. Kigoma nako watu walilima michikichi na kuvua samaki. Anayejua kukwea mchikichi, kushusha mkungu na kukamua mawese hakuhitaji kufundishwa kazi mpya. Ziwani ndiko kulikokuwa na nafasi zaidi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa za karabai zinazowavuta samaki juu. Wavu ukishateremshwa, kuupandisha kunahitaji wanaume kadhaa wenye mikono migumu, na asubuhi wanahitajika wengine wa kuanika na kugeuza dagaa mchangani kabla jua halijawa kali. Mwenye mtumbwi wa Ujiji hakuwa na sababu ya kuuliza karatasi za mtu anayevuta wavu vizuri. Malipo yalikuwa sehemu ya samaki, na samaki waliliwa siku hiyo hiyo. Mtu aliyefika hana kitu angeweza kuanza kazi usiku wa pili.

Hivyo maelfu wakabaki Kigoma, hawakuandikishwa popote. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyeishi sehemu hizo katikati ya miaka ya 1980, aliwakuta mjini wakifanya biashara ndogo na vibarua, wameoa na kuolewa na wenyeji, wengi wakijitambulisha kuwa ni Waha au watoto wa wale vibarua wa zamani. Njia ya manamba ikawa imewasitiri wakimbizi.

Serikali ilikuwa na mpango tofauti. Miaka ya 1960 ilikwisha kuwapokea Wanyarwanda na kuwaweka kwenye makazi ya kilimo kama Muyenzi kule Ngara na Mwese katika vilima vya Mpanda, na fikra ile ile ikatumika kwa Warundi kwa kipimo kikubwa zaidi. Watu waondolewe mpakani ili wasije wakatumiwa kwa mashambulizi ya kuvuka, wapelekwe kwenye misitu ya miombo ambako mbung'o waliwafukuza wafugaji na ambako kijiji kilikuwa mbali na kijiji kingine, wapewe mashamba, wajilishe. Serikali ingetoa ardhi, UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, lingetoa fedha, na TCRS, shirika la Walutheri lililoanza kazi nchini mwaka 1964, lingesimamia ujenzi. Makazi ya kwanza yalikuwa Ulyankulu, mkoani Tabora, mwaka 1972. Mwaka uliofuata yakafunguliwa ya Katumba, karibu na Mpanda.

Mpango huu tuutazame kwa jicho la uchumi. Tanzania ya Azimio la Arusha ilikuwa na ardhi nyingi na watu wachache upande wa magharibi. Kila ekari iliyofyekwa na kila barabara iliyochongwa ilikuwa faida ya nchi. Wakimbizi walipewa shoka, jembe, mbegu na chakula cha kuanzia, kisha wakaambiwa chakula kitapunguzwa kadiri mavuno yatakavyopanda. Waliofika na watoto mgongoni walikuta msitu mtupu. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya malaria na ya kung'oa visiki. Ni watu hao, kwa mikono yao, waliogeuza pori lile kuwa mashamba, na sijui kama nchi imewahi kuwashukuru ipasavyo.

Ulyankulu ilishindwa mapema kuwabeba wote. Maji yalikuwa haba, udongo hafifu katika sehemu nyingi, na watu walikuwa wengi kuliko ilivyokadiriwa. Mwaka 1978 yakafunguliwa makazi ya tatu, Mishamo, mbali zaidi ndani ya wilaya ya Mpanda, na watu wapatao 26,000 wakahamishiwa huko kutoka Ulyankulu. Kila familia iligawiwa hekta tano. Waliohamishwa walianza upya kazi ya visiki waliyokuwa wameimaliza miaka michache tu nyuma.

Kilichoyaokoa makazi haya kifedha ni tumbaku. Urambo, jirani na Ulyankulu, ni nchi ya tumbaku tangu zama za ukoloni. Waingereza walianza na mradi wao wa karanga mwaka 1947, ule uliotangazwa kwa mbwembwe na kuanguka kwa hasara ya kihistoria, na baada ya karanga tumbaku ikashika nafasi. Ni zao linalokubali udongo wa kichanga wa miombo, na kuni za kulikaushia zimo humo humo msituni.

Linadai watu, na hapo ndipo familia ya mkimbizi ilipopata nafasi yake. Kitalu humwagiliwa kwa ndoo za maji ya mtoni au kisimani asubuhi na jioni wakati wa kiangazi, mpaka mvua inaponyesha na miche kupandikizwa. Maua hukatwa ili nguvu iende kwenye majani, vichipukizi hung'olewa kimoja kimoja, na utomvu wake hunata viganjani ukawa mweusi usiotoka kwa sabuni. Majani huchumwa ya chini kwanza, wiki kwa wiki kupanda juu, hufungwa kwenye fito na kuning'inizwa ndani ya bani, yaani nyumba ya kukaushia, na moto wa bani haulali: mtu mmoja wa nyumba huukesha, siku kadhaa mfululizo, kwa kuwa ukizidi majani huungua na ukipungua yakaoza. Kisha huja kupanga madaraja kwa rangi na ukubwa, kazi ya mama na watoto sakafuni, kabla ya marobota kwenda sokoni. Bei ilipangwa na serikali, na malipo yalikuja mara moja kwa mwaka. Nyumba yenye watoto wengi wenye umri wa kufanya kazi ilivuna zaidi. Mjane mwenye watoto wadogo alibaki na mihogo, mahindi na maharage.

Kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi yote matatu yalikuwa yanajilisha na yamekabidhiwa serikali. Mwalimu Nyerere alitunukiwa medali ya Nansen mwaka 1983 kwa yale nchi yake iliyoyafanya kwa wakimbizi, na Tanzania ikatajwa kila mahali kuwa mfano. Sifa ile ilikuwa ya haki. Lakini ndani yake kulikuwa na kizuizi kimoja kilichokuja kuzaa mengi: mkimbizi hakuruhusiwa kutoka nje ya makazi bila kibali cha kamanda wa makazi, chenye siku zake na sababu zake. Alikuwa na shamba, ana mazao, ana chama cha ushirika, lakini soko lilimjia yeye. Yeye hakwenda sokoni. Mchuuzi kutoka Mpanda au Tabora aliingia na lori, akataja bei, na mkulima ambaye hawezi kupeleka gunia lake mji wa pili ana nafasi ndogo ya kuikataa.

Kizazi cha pili ndicho kilichoshindwa kukaa. Mtoto aliyezaliwa Katumba mwaka 1973 alimaliza darasa la saba kwenye miaka ya 1980 ya mwisho. Nafasi za sekondari zilikuwa za kuhesabu. Shamba la baba lilipaswa kugawanywa kwa ndugu sita au saba. Tumbaku ilikuwa ya wazee, na fedha yake ilikabidhiwa wazee. Wakati huo huo, baada ya mwaka 1986, serikali ya Rais Mwinyi ilikuwa imefungua milango ya biashara. Vitambaa ambavyo watu walivisahau wakati wa uhaba vikarudi madukani Dar es Salaam. Vitambaa vikiwepo hutakiwa mafundi, na katika makazi vijana wengi walikuwa wamejifunza cherehani.

Habari za vijana hao tunazijua hasa kwa kitabu cha Marc Sommers, *Fear in Bongoland*, kilichotoka mwaka 2001 baada ya yeye kuishi nao Dar es Salaam miaka ya mwanzo ya 1990. Safari yao ilikuwa ya treni, reli ile ile ya manamba. Tawi la reli linalotoka Kaliua hadi Mpanda, lililojengwa zama za Waingereza kwa ajili ya madini ya risasi, linapita Katumba. Kutoka hapo unafika Tabora, kutoka Tabora unafika Dar es Salaam. Kijana hakupanda treni kwa kubahatisha. Alikuwa na jina la mtu wa kumpokea, kwa kawaida fundi aliyetoka makazi yale yale au muumini wa kanisa lile lile la Kipentekoste. Wachungaji na mafundi walikuwa mtandao mmoja: kanisa lilimdhamini kijana kuwa ni mwaminifu, na mwenye duka akampa cherehani.

Kwa nini ushonaji, wakati mji una kazi nyingi? Duka la cherehani lina mlango. Kijana asiye na kibali hufanya kazi ndani mchana kutwa, hazunguki barabarani kama machinga, na machinga ndiye anayekamatwa kwanza. Tangu mwaka 1983, kampeni ya Nguvu Kazi ilikuwa imewazoesha watu wa mjini kuona vijana wakisombwa na kurudishwa vijijini kwa kukosa kitambulisho cha kazi. Usiku duka hilo hilo ni chumba cha kulala. Meza ya kukatia vitambaa ni kitanda cha mmoja, sakafu chini yake ni ya wengine wawili, mlango unafungwa kwa nje au kwa ndani, na kodi ya nyumba inaepukika. Mwenye duka anapata walinzi bila kuwalipa. Kijana anapata kuweka senti zake zote isipokuwa za chakula. Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua wapi katika jiji la watu zaidi ya milioni moja Mrundi wa Katumba angeishi: aliishi palipo na cherehani.

Akiulizwa kwao, alisema Kigoma. Wateja walimwamini. Hofu haikumwachia hata hivyo, na Sommers anaonyesha kwa kirefu jinsi hofu ya wazazi wao ya mwaka 1972 ilivyowaingia watoto ambao hawakuiona Burundi hata siku moja. Lakini walibaki mjini. Hofu ilipimana uzito na fedha, na fedha ikazidi.

Kisha mambo yakabadilika kwa ghafla. Tarehe 21 Oktoba 1993 wanajeshi walimuua Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, na wimbi jipya likavuka. Miezi sita baadaye, tarehe 28 Aprili 1994, Wanyarwanda zaidi ya 200,000 waliokimbia vita na mauaji nchini mwao walipita daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya takriban saa 24. Benaco, mahali palipobeba jina la kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara, pakawa na watu wengi kuliko mji wowote wa Tanzania ukiacha Dar es Salaam.

Safari hii mwelekeo uligeuka: Watanzania ndio waliowafuata wakimbizi. Wafanyabiashara kutoka Mwanza na Bukoba walifungua maduka kando ya kambi. Walimu na wauguzi wa serikali waliacha vituo vyao kwenda kufanya kazi kwenye mashirika yaliyolipa mara nyingi zaidi, na shule na zahanati za vijijini zikabaki na upungufu. Wakimbizi nao walitoka kambini alfajiri kwenda kutafuta kibarua. Chakula cha mgao kilikuwa mahindi, maharage na mafuta. Wengi walikuwa wamezoea ndizi na mihogo, na familia ilihitaji chumvi, sabuni na nguo ambazo mgao hauna. Hivyo mkimbizi aliuza sehemu ya mahindi yake, na jembe lake aliliuza kwa siku. Kwa kuwa tumbo lilikuwa limeshalishwa nusu na mgao, aliweza kukubali ujira ambao kibarua wa Kitanzania hawezi kuishi nao.

Matokeo yake hayakuwa sawa kwa wote, na hapa wanaosema wakimbizi ni baraka na wanaosema ni balaa wote wanakosea kwa kuzungumzia mkoa mzima kwa sentensi moja. Mkulima wa Ngara au Karagwe mwenye ardhi alipata mikono ya bei rahisi, akafungua mashamba mapya, wapo waliolima mara mbili ya yale waliyolima mwaka 1993, na ndizi zao zilikuwa na wanunuzi mlangoni. Mwanakijiji asiye na shamba la kutosha, aliyeishi kwa kuwalimia wenzake, aliona ujira wake ukishuka na kuni zake zikiisha. Mwenye nacho aliongezewa kwa jasho la mkimbizi, asiye nacho akashindanishwa naye.

Desemba 1996 serikali na UNHCR waliwatangazia Wanyarwanda wote wawe wameondoka ifikapo mwisho wa mwaka. Wengi walijaribu kwanza kukimbilia ndani zaidi ya nchi, jeshi likawageuza, na karibu nusu milioni wakavuka kurudi. Ngara ikabaki na maghala matupu, na maduka yaliyofuata wanunuzi yakafungwa.

Baada ya hapo serikali ilibadili msimamo wa miaka thelathini. Kuanzia Septemba 1997 jeshi lilipita katika vijiji vya mpakani Kigoma na Kagera likikusanya Warundi na kuwapeleka kambini. Wengi waliokusanywa walikuwa wameishi vijijini humo tangu mwaka 1972, wengine kabla, na wapo waliokuwa wameoa Watanzania. Waliacha mashamba yenye mazao, nyumba, mbuzi na, kwa baadhi, wake au waume. Uvuvi na michikichi iliyowapa watu maisha kwa miaka 25 ilifutwa kwa siku chache, na mtu aliyekuwa akijilisha akawekwa kwenye foleni ya mgao. Nauona uamuzi ule kuwa kosa kubwa kuliko yote katika historia hii. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ikaja kuuwekea msingi utaratibu wa kambi, na kilometa nne kutoka kambini zikawa mpaka wa kutembea bila kibali.

Mtihani mkubwa ulikuwa bado. Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi pamoja na UNHCR zilikubaliana kulimaliza suala la watu wa mwaka 1972. Katika Ulyankulu, Katumba na Mishamo walihesabiwa watu wapatao 218,000, wengi wao wazaliwa wa humo humo. Waliulizwa: kurudi Burundi au kuwa raia? Mmoja kati ya kila watano alichagua kurudi. Wengine wote walitaka kubaki, na mwaka 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 yakakubaliwa. Hakuna nchi ya Afrika iliyokuwa imewahi kutoa uraia kwa wakimbizi wengi kiasi hicho kwa mara moja.

Uraia ulikuja na sharti. Makazi yangefungwa, na raia wapya wangehamishiwa mikoa mingine, wasambazwe wilaya kwa wilaya ili wasiendelee kuwa kundi la peke yao. Vyeti vingetolewa baada ya kuhama. Kwa mtu aliye ofisini hilo lilionekana jambo la busara, umoja wa taifa ukitafutwa kwa kuchanganya watu. Kwa mkulima wa Mishamo maana yake ilikuwa kuacha mabani aliyojenga, miembe aliyopanda, kaburi la mama yake, wanunuzi wanaomjua na udongo anaoujua ulivyo kila kona, kisha aende akaanze na mkoa ambao haujamwahidi hata ekari moja. Kwa mara ya tatu katika uhai wa familia moja angeng'oa visiki.

Watu hawakwenda. Hakukuwa na ghasia. Waliendelea kulima tu. Wilaya zilizotakiwa kuwapokea nazo hazikuwa na hamu, kwa kuwa ardhi ilikuwa imeshakuwa mali ya kugombewa. Na wilaya ya Mpanda, ambayo masoko yake yalilishwa na mahindi na maharage ya makazi hayo, ingepoteza nini? Agosti 2011 zoezi la kuhamisha lilisimamishwa. Miaka mitatu watu walikaa wakiwa si wakimbizi kamili wala raia wenye cheti, hawawezi kupanga jambo la muda mrefu. Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete alianza kugawa vyeti vya uraia bila sharti la kuhama. Leo Katumba imo ndani ya Halmashauri ya Nsimbo, mkoani Katavi. Ulyankulu imo wilaya ya Kaliua. Shamba lilishinda waraka, na serikali ilifanya jambo la heshima kukubali.

Lakini somo hilo halikuvuka hadi Kigoma. Aprili 2015 Burundi iliingia kwenye machafuko ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, na mwezi Mei makumi ya maelfu ya watu walirundikana Kagunga, kijiji kidogo cha ufukoni kilichobanwa na mlima, ambako kipindupindu kiliwafuata. Meli ya MV Liemba, ya zama za Wajerumani, iliwachukua kwa mafungu hadi mjini Kigoma, na mabasi yakawapeleka Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo. Nduta na Mtendeli zikafunguliwa tena kupunguza msongamano. Safari hii hakukuwa na hekta tano. Mgao wa fedha taslimu ulijaribiwa Nyarugusu, na mwaka 2017 ukasitishwa. Masoko ya pamoja, ambako mama wa Kasulu alileta nyanya na mama wa Nyarugusu alileta vitambaa alivyoshona, yalifungwa katika miaka iliyofuata, kwa hasara ya pande zote mbili.

Kibarua hakikufungwa. Msimu wa kulima unapofika, mwenye shamba wa Kasulu au Kibondo huhitaji mikono wiki ile ile ambayo majirani zake wote wanaihitaji, na mikono iko kilometa chache tu kutoka kwake. Vijana hutoka usiku, hulala kwenye vibanda vya shamba, hulipwa kwa debe la mahindi au kwa fedha kidogo. Kwa kuwa hawaruhusiwi kuwepo pale, mwenye shamba asiye na haya anaweza kukataa kulipa mwisho wa kazi na hakuna ofisi ya kumshtaki. Kibarua wa Kitanzania aliye karibu naye hulipwa kidogo pia, kwa sababu kuna anayelazimika kukubali kidogo zaidi. Kuwazuia wakimbizi kufanya kazi hakujawalinda wenyeji maskini. Kumewashushia ujira.

Sheria ile ile ya mwaka 1998 ina kifungu kinachomruhusu mkurugenzi wa idara ya wakimbizi kumpa mkimbizi kibali cha kazi. Hakihitaji kutungwa upya wala kwenda bungeni. Kianzie na vibarua wa msimu wa Kasulu na Kibondo: wapewe karatasi yenye jina la mwenye shamba, muda wa kazi na ujira, na nakala ibaki kwa mtendaji wa kijiji. Wabunge na madiwani wa Kigoma wanaosoma haya wanaweza kulidai jambo hilo kabla ya mvua zijazo.